Udongo ulisema nini? Deni la chuo kikuu kwa kartie yake



Kila chuo kikuu cha inchi yetu kinasema kina kazi tatu: kufundisha, kutafiti, na kutumikia jamii. Ya kwanza tunaiona kila asubuhi, juu oditwari zinajaa mpaka watu wanasimama ku mlango. Ya pili tunaiona siku profesa ao asista anatetea tezi yake. Ya tatu tunaiona zaidi ku banderoli. Siku ya salongo, siku ya kufungua mwaka, siku mugeni wa Ulaya anafika, banderoli inatoka: chuo kwa ajili ya jamii. Kisha inakunjwa na kurudishwa mu depo.

Leo nataka tuichambue hii kazi ya tatu sawa vile tungechambua kitabu ao filme: inaahidi nini, inatoa nini, na nani analipa tiketi. Nasema wazi tangu mwanzo kile ninachofikiri. Vyuo vya miji yetu havikosi mapenzi kwa majirani. Vinakosa kitu kidogo kuliko mapenzi: desturi ya kurudisha. Chuo kinachukua mu kartie udongo, maji, majibu ya maswali, hadithi za wazee, na saa nzima za bamama wenye kazi. Kinatoka pale na diplome na makala. Na hakuna mahali popote kinapodaiwa kurudi kusema kiliona nini. Bila kurudi, kile tunachoita kutumikia jamii kinabaki kutumia jamii.

1. Nani anabeba nani

Tuchukue Lubumbashi, juu njo mji ninaoujua. Chuo kikuu cha serikali hapa kilianzishwa kwa dekre mwaka 1955, kikafungua milango 1956, wakati mji ungali unaitwa Élisabethville. Mwaka 1971 utawala wa Mobutu ulikiunganisha na Lovanium ya Kinshasa na chuo cha Kisangani, vyote vitatu vikawa UNAZA. Mwaka 1981 vikaachana, na sisi tukabaki na UNILU. Mji wenyewe ni wa 1910. Wabelgiji waliupanga kwa kuukata: Wazungu upande huu, Waafrika upande ule, na katikati eneo waliloliita zone neutre, la kutenganisha watu na watu.

Sisemi kampasi ya Kasapa iliwekwa pale ilipo kwa wazo hilo. Nasema tulirithi mji ambamo kuishi karibu bila kujuana kulikuwa mpango wa serikali, na desturi ile haikuisha siku bendera ilipobadilika. Vyuo vingine vya mji, vya serikali na vya binafsi, vilizaliwa baadaye mu mji uleule, na vingi vina tabia ileile: ukuta, barriere, sentineli, na jirani anayejua jina la chuo juu ya kelele ya magari asubuhi.

Lakini angalia nani anabeba nani. Kiti cha oditwari kinatoka ku chuo. Vingine karibu vyote vya maisha ya mwanafunzi vinatoka mu kartie. Chumba anapolala kiko mu lupango ya baba fulani ambaye mara nyingi anangojea pesa ya nyumba miezi miwili bila kumfukuza. Vitumbula vya asubuhi ni vya mama wa avenyi ileile. Fotokopi za kozi, inite za simu, bunga ya mukopo, moto ya kumupeleka mbio siku ya ekzame, vyote ni vya kartie. Jirani amekuwa bursi ya mwanafunzi wa Kongo tangu bursi ya serikali ilipokufa. Hakuna rekta anayemshukuru ku hotuba, na jirani mwenyewe hakuomba shukrani. Lakini tukianza kuhesabu nani anatumikia nani, hesabu ianze hapo.

2. Anketi, ao namna ya kupoteza data na jirani pamoja

Mi ni agronome, lisansi ya sistemu ya zamani, mbele LMD haijaenea mu vyuo vyote kuanzia 2021-2022. Chuo nilichosomea jina lake naliacha, juu ninachosema kinagusa vyuo vingi. Wale wa sayansi ya jamii, ya afya na ya mazingira watatambua kila kitu.

Finalisti anapewa sujet. Anaandika maswali 30 ao 40 kwa Kifaransa. Anapata barua yenye muhuri, anaenda kwa shefu wa kartie, anapita lupango kwa lupango. Kwa sababu ku mlango hakuna anayetaka kujibu kwa Kifaransa, anatafsiri papo hapo, kila mwanafunzi kwa namna yake. Swali la mapato ya mwezi ya ménage linakuwa: mama, ku mwezi unapataka feza ngapi? Sasa mama anayelima mboga hana mwezi. Anahesabu kwa plashbande: hii ya lengalenga iko tayari baada ya wiki tatu ao ine, ile ya shu inachukua zaidi, na bei ya Julayi haina undugu na bei ya Januari. Anatoa namba yoyote ili mwanafunzi aende. Mwanafunzi anaandika namba ile. Namba inaingia mu tablo, tablo inapata wastani, wastani unapata desimali mbili, na juri inasifu desimali.

Hapa njo naona kosa kubwa la wale wanaosema kurudi kwa jirani ni huruma, si sayansi. Jirani anayejua kwamba utarudi kumwonyesha namba zake anakupa namba zingine. Atakusahihisha. Atakuambia swali lako ni baya. Jirani anayejua hautarudi anakupa adabu tu, na adabu si data. Sehemu fulani ya utafiti wetu ni adabu ya bamama iliyopigwa hesabu.

Kiangazi kilichopita nilisindikiza finalisti wawili ku mashamba ya mboga ya bondeni, pale maji yanapobaki karibu hata mwezi wa nane. Walikuwa vijana wazuri, wenye heshima. Walisalimia, wakaeleza sujet yao, wakaomba ruhusa ya kuchukua udongo kidogo. Mama mmoja, mzee kidogo kuliko mama yangu, alisimamisha jembe akatuangalia.

“Batoto, karibuni. Lakini mi niko na ulizo. Mwaka ile ba chuo bengine balikuya hapa. Bakachimba, bakajaza mu basashe, bakaandika jina yangu mu kaye, bakaenda. Ule udongo ulisema nini?”

Mmoja wa vijana alijibu vile sisi wote tungejibu: “Mama, ile matokeo inabaki ku chuo, inasaidia inchi.”

“Mi pia niko mu inchi,” mama akasema. Na akawaacha wachimbe.

Sikuleta mama huyu hapa ili tumuhurumie. Hakuwa na hasira na hakuomba feza. Aliuliza swali la kisayansi, tena swali zuri kuliko yale 30 ya karatasi. Alitaka kujua matokeo ya jaribio lililofanywa ku shamba lake. Asista wa maabara akiuliza vile tunamjibu kwa tablo. Yeye tulimjibu kwa inchi.

3. Udongo ulisema mambo mengi

Kinachonisumbua ni kwamba jibu lipo. Lubumbashi si mji usiochunguzwa. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Union Minière, kisha Gécamines, kilianza kazi 1911, na kwa miongo mingi shimini yake ilimwaga mu hewa vumbi lenye shaba, zinki, risasi, kadmiumu, arseniki na kobalti. Upepo wetu mkubwa unatoka kusini-mashariki, basi vumbi lilienda kuanguka kaskazini-magharibi. Watafiti wanaita sehemu ile koni ya uchafuzi. Kule Penga Penga kulibaki udongo mtupu, nyasi haioti. Watu wa agronomia ya UNILU, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walijaribu pale kufunika udongo kwa nyasi za Katanga zenyewe, kama Rendlia altera, pamoja na chokaa na komposti, ili vumbi lisiruke na shaba isitembee. Makala zao zilitoka kuanzia 2010. Mwaka 2009 Shule ya Afya ya Umma ya UNILU pamoja na chuo cha Leuven walichapisha utafiti juu ya metali mu mikojo ya watu wa Katanga: walioishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti kwa wingi mkubwa mwilini. Kuna pia kazi juu ya udongo wa mashamba ya mboga ya mji na hatari yake kwa chakula.

Hii ni sayansi ya kweli, iliyofanywa na watu wetu mu hali ngumu, na mi najivunia. Ukosoaji wangu hauwagusi wao kama watu. Sisemi hakuna hata mmoja aliyerudi kuongea na majirani. Nasema aliyerudi alirudi kwa moyo wake, juu kazi haikumdai. Makala ya Kiingereza inampandisha daraja. Karatasi moja ya Kiswahili ku ukuta wa ofisi ya kartie haimpandishi hata nusu ya daraja.

Sasa tuandike hapa karatasi ile, tuone kama ni ngumu. Agronome yeyote anayesoma hapa anaweza kuikamilisha.

Mboga za majani (lengalenga, shu, matembele) zinachukua metali zaidi kuliko mboga za matunda kama tomati na bilinganya. Kama udongo wako una mashaka, ile sehemu yenye mashaka zaidi weka tomati, majani peleka mbali.

Risasi haipandi kwa urahisi mu mmea. Mara nyingi inafika ku sahani kama vumbi juu ya majani, na inafika ku mutoto kupitia mikono yake iliyocheza chini. Osha majani kwa maji safi mara mbili ao tatu, mutoto anawe mikono mbele ya kula. Lakini kadmiumu inaingia ndani ya jani, na kuosha hakuitoi.

Udongo wenye asidi unaachilia metali nyingi zaidi kwa mizizi. Chokaa inapunguza asidi, na shaba, zinki na kadmiumu zinapata shida kuingia. Komposti inaishika shaba. Chokaa isitupwe ovyo: ikizidi inaweza kulegeza arseniki, kwa hiyo kwanza upime pH, na kupima pH ni kazi ya dakika chache.

Udongo mtupu unatoa vumbi. Njia kati ya plashbande, na uwanja wa batoto, vifunikwe na nyasi.

Ni hayo. Ukurasa mmoja. Hakuna neno ambalo mama wa bondeni hawezi kulielewa ao kulipinga. Na atapinga: atasema chokaa inauzwa bei gani, atasema tomati inaugua mu mvua, atasema shamba si lake, ni la kukodi, kwa nini apoteze komposti. Kila pingamizi moja ni sujet ya TFE bora kuliko nyingi tunazotetea.

Kilicho hatarini si kitu cha mbali. Risasi inaharibu akili ya mutoto mudogo, na uharibifu ule haurudi nyuma. Mboga zile haziliwi mu kartie ile peke yake. Zinafika ku soko mu basini, na kutoka soko zinafika ku sahani za watu wa mji mzima, pamoja na baprofesa na watoto wao. Matokeo ya utafiti yakikaa ku chuo, mboga yenyewe inatembea.

4. Siku chuo kilirudisha

Wengine watasema naota. Basi tutazame mfano uliofanyika hapahapa. Mwaka 2000 kulianza mradi ulioitwa Mémoires de Lubumbashi. Waliousukuma walikuwa wanahistoria na watu wa utamaduni, na kati yao Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU na Bogumil Jewsiewicki wa chuo cha Laval, Canada. Walikusanya masimulizi ya maisha ya wakaaji, muziki wa mji, mambo ya kazi, ya wanawake na mavazi, na vitu vya nyumbani. Maonyesho yalifanyika mu muze ya Lubumbashi. Moja ya vitabu vya mradi ule lina neno la Kiswahili ku ganda: Ukumbusho.

Kwa nini naupenda? Kwanza, mada ilikuwa jirani mwenyewe kama mwenye kujua. Muntu wa Kenya ao wa Kamalondo hakuwa sampuli namba 17. Pili, kazi ilirudi kwa umbo ambalo mji unalitumia: maonyesho, michoro, nyimbo, vitu vya kutazama. Muze iko mu mji, unaingia na miguu. Tatu, lugha ya mji haikungojea ku mlango.

Na mipaka yake? Ipo, tuiseme. Vitabu vilichapishwa Paris, kwa L'Harmattan, kwa Kifaransa, na bei ya kitabu cha Paris si bei ya Kamalondo. Maonyesho yanafungwa, vitabu vinabaki. Mwishowe kile kinachodumu kilienda ku rafu ya mbali zaidi. Lakini kati ya kurudisha nusu na kutorudisha kabisa, najua nachagua nini.

Kuna mfano wa zamani zaidi, tena wenye kufundisha zaidi. Mwaka 1965 association ya waliokuwa ma-boy ya Wazungu wa Élisabethville walitoa historia ya mji wao, iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Hawakungojea chuo. Waliandika wenyewe kile walichokiona kutoka jikoni na ku barza ya mabwana. Maandishi yale yalifika mikononi mwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha hapa mu miaka ya 1970, na mwaka 1990 aliyachapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, Amsterdam. Tumpe haki yake: aliweka Kiswahili kamili, kwa heshima, na baadaye akafungulia watu wote waisome ku intaneti. Lakini nauliza wanafunzi wa hapa: nani kati yetu aliisoma mu kozi? Wapishi na mashamba-boy waliandika historia ya mji kwa lugha ya mji, na mwanafunzi wa mji anaweza kupata lisansi bila kusikia jina lake. Kartie ilishatoa. Sisi hatukupokea.

5. Wanaopinga

Nimezungumza haya na wenzangu, na pingamizi zao ni za maana.

Ya kwanza: chuo hakina feza, maasista hawalipwi vizuri, namna gani tuwabebeshe kazi ingine? Kweli. Njo maana siombi maabara mpya, wala gari, wala mradi wa wafadhili. Ukurasa mmoja unagharimu karatasi, mkanda wa kubandika, na saa moja ya kukaa na watu. Tena ningependa tuache kuficha uvivu nyuma ya umaskini. Feza ya gile za rangi moja na ya banderoli tunaipataka.

Ya pili: chuo si ONG, kazi yake ni elimu. Nakubali kabisa, na ninalitumia neno hilo kinyume. ONG inagawa sabuni. Chuo kinagawa elimu. Basi kigawe. Siku chuo kinapeleka sabuni na biskuti mu kartie, kinafanya kazi ya mwingine na kuacha ile ambayo hakuna mwingine anayeweza.

Ya tatu: majirani pia si malaika, wanaingilia viwanja vya chuo, wanajenga mu konsesio, wanakata miti. Inatokea. Lakini jirani ambaye hajui kiwanja kile ni cha kazi gani anakiona kama pori la mkubwa. Shamba la majaribio ambalo kartie inalijua, ambalo mama fulani alichukua pale mbegu yake, lina walinzi wengi kuliko wale wa mushahara.

Ya ine, na hii njo nzito: tukiwaambia watu mboga yao ina metali, tutaua soko lao. Bamama watakosa kula kesho juu ya hatari ya miaka kumi. Hii siipuuzi. Habari mbaya inayotupwa bila suluhisho ni ukatili, na gazeti lingeweza kuifanya kichwa cha habari mu siku moja. Lakini angalia pingamizi hili linasema nini: linasema tuamue sisi, kwa niaba yao, kwamba wasijue. Mama anayejua kwanza, mbele ya soko kujua, ana nafasi ya kubadilisha plashbande, kudai chokaa, kuhama upande ule. Mama anayejua mwisho hana nafasi. Kwa hiyo habari ipelekwe kwa mwenye shamba kwanza, shamba kwa shamba, pamoja na kile anachoweza kufanya. Kunyamaza hakumlindi, kunamcheleweshea tu.

Ya tano: Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Bandugu, Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na mji huu unakitumia kwa mekanike, kwa umeme, kwa migodi, kwa mahakama ya kartie. Mtu anayeweza kueleza injini ya Kijapani kwa Kiswahili cha Kenya ataeleza pH. Kama mwenye lisansi hawezi kueleza TFE yake kwa lugha anayonunulia bunga, tatizo si lugha. Ningesema hajaielewa bado.

6. Na sisi wa association?

Haitakuwa haki kukosoa rekta na kuruka association. Tunafanya salongo mara kwa mara. Tunafagia mfereji, tunapiga picha na mafagio, picha zinapata mapenzi mengi. Baada ya wiki mbili mfereji umejaa tena, juu hatukuuliza watu wa avenyi takataka inatoka wapi na nani analipwa kuibeba. Kati yetu kulikuwa na mainjinia wa ujenzi, madaktari wa kesho, watu wa sheria na wa ekonomia, na tulileta kwa jirani kile ambacho jirani anacho tayari: fagio. Sisemi tuache salongo. Nasema salongo yetu imekuwa mahali pa kupumzisha diplome zetu.

Mapendekezo yangu ni matatu, madogo, ya kutendeka.

Moja: kila TFE iliyofanya anketi ao kuchukua sampuli mu kartie iwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, na ukurasa ule upewe pointi na juri. Hata pointi 2 juu ya 20 zitabadilisha tabia kuliko hotuba 20. Association yetu ina wajumbe mu komite za wanafunzi mu vyuo vingi vya mji. Ombi hili linaweza kuingia mwaka huu.

Mbili: mbele ya kutetea, finalisti asome ukurasa ule mbele ya watu walewale waliomjibu, ku ofisi ya kartie, ku kanisa, ao chini ya muti, na aandike pingamizi zao tatu. Pingamizi ziingie mu TFE kama sehemu ya majadiliano. Juri nzuri itaziona kuwa sehemu bora ya kitabu.

Tatu: fakilte za agronomia zifungue shamba la majaribio kwa majirani siku moja ku mwezi. Si siku ya sherehe. Siku ya kawaida, mwenye kuleta udongo wake mu sashe apimiwe pH na kuambiwa aongeze nini.

Hatuhitaji kungojea yote matatu yakubaliwe. Mu memba wa page hii kuna waliofanya TFE juu ya udongo, maji ya visima, malaria, makala na misitu ya miombo, bei za soko, migogoro ya viwanja. Kila mmoja ana PDF mu simu. Naomba kila mmoja aandike ukurasa wake wa Kiswahili, kisha atafute kartie ileile aliyoipita na karatasi zake. Wale wa mboga na udongo waharakishe: mvua zikiisha mwezi wa ine, bamama watarudi bondeni kupanda kwa kiangazi, na mipango ya plashbande inafanywa mbele ya hapo. Mi nimeshaandika wa kwangu, nao uko hapo juu mu sehemu ya tatu. Usahihisheni, ongezeni kile kinachokosekana, na anayeishi karibu na bonde aupeleke.